CT ya dawa au MRI ya dawa: mwenye figo dhaifu achague ipi?

Mzee aliingia na bahasha ya kaki kwapani, ndani yake filamu mbili za zamani na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Kwenye karatasi, mtu alikuwa amezungushia kalamu nyekundu namba moja: kreatinini 168. Homa za jioni, maumivu ya tumbo upande wa kulia, na hiyo ni wiki ya tatu. Walikoanzia waliandikiwa CT (picha ya mionzi) ya tumbo yenye dawa ya kung'arisha picha, ile 168 ilipoonekana wakarudishwa nyumbani. Walikofuata wakaambiwa watafute MRI (picha ya sumaku) kwa kuwa "haina madhara". Hela ya MRI haikupatikana. Aliyezungumza ni binti yake.

"Shikamoo kaka. Tunaomba kile ambacho hakitaua figo za baba."

"Marahaba, mdogo wangu. Mna karatasi ya kipimo cha zamani?"

Swali hilo huwashangaza wengi, nitalirudia. Nafanya kazi chumba cha mionzi, na hakuna ninachoulizwa na wagonjwa wa figo na ndugu zao kama hiki: kati ya CT na MRI, ipi ina nafuu? Niseme mapema ninavyoona. Hofu ya dawa ya CT imekuzwa kuliko hatari yake, na sifa ya MRI imetolewa bila mtu kuuliza kwenye kichupa kuna nini. Kwa wengi wenye figo dhaifu vyote viwili vinawezekana. Kazi ni kujua wewe uko wapi, na daktari wako anatafuta nini.

Kreatinini 168 ya nani?

Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Mwenye misuli mingi huzalisha nyingi, mwenye misuli kidogo huzalisha kidogo, kwa hiyo namba yenyewe haitoshi. Huingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia, ikatoka namba nyingine, eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu kwa dakika.

Chukua hiyo 168. Kwa fomula ya mwaka 2021 inayotumika sehemu nyingi, kijana wa kiume wa miaka 25 anapata eGFR ya 50 hivi. Mzee wetu wa miaka 62 anapata 39. Bibi wa miaka 75 mwenye 168 hiyohiyo anaangukia 27. Kreatinini moja, watu watatu, maamuzi matatu. (Na angalia kipimio. Maabara nyingine huandika kwa miligramu, na 168 ya mikromoli ni sawa na 1.9 tu; gawanya kwa 88.4. Nimeshaona mtu akilia kwa kulinganisha 168 yake na 1.2 ya jirani.)

Mpaka wa kukumbuka ni 30. Ukiwa na 45 au zaidi, na figo zimetulia, dawa ya CT haina sababu ya kukunyima usingizi. Kati ya 30 na 44 daktari anaangalia mengine uliyonayo: kisukari, moyo, upungufu wa maji mwilini. Chini ya 30, au figo zikiwa zimeumia ghafla siku hizi hizi, ndipo tahadhari ya kweli inapoanza.

Sasa kuhusu karatasi ya zamani. Hesabu ya eGFR inaaminika kama kreatinini imetulia. Mtu aliyeharisha na kutapika siku tatu figo zake zinaweza kuwa zimeshaumia wakati kreatinini bado inapanda polepole. Namba ya leo asubuhi inakudanganya. Namba mbili zilizopishana miezi zinasema zaidi ya moja. Binti alipekua bahasha, akatoa karatasi ya miezi minne nyuma. Ilisomeka 165. Figo za mzee ni dhaifu, lakini zimesimama palepale.

CT: madini joto mshipani

Dawa ya CT imebeba iodini, ileile tunayoiita madini joto kwenye pakiti ya chumvi. Atomu yake ni nzito, inazuia mionzi, kwa hiyo mshipa wenye dawa hung'aa mweupe kwenye picha, na uvimbe, usaha au damu iliyoganda hujitenga na nyama za kawaida. Kwa tumbo la mtu mzima tunasukuma karibu mililita 80 hadi 120. Utasikia joto likianza kooni, lishuke kifuani, kisha uhisi kama umejikojolea. Hujajikojolea. Linapita ndani ya dakika moja hivi.

Sifa mbaya ya dawa hii ilitokana na kizazi chake cha kwanza. Dawa za zamani zilikuwa na ukali wa chumvi mara tano au zaidi ya ule wa damu, na kitu kikali namna hiyo kikiingia mwilini kinavuta maji kutoka kwenye chembe hai. Aliyebadilisha mambo ni daktari wa mionzi wa Sweden, Torsten Almén, mwishoni mwa miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiogelea: maji ya bahari yenye chumvi nyingi yalimchoma macho, ya chumvi kidogo hayakumchoma. Aliyewahi kupiga mbizi Forodhani macho wazi, kisha akafanya hivyo hivyo Ziwa Victoria, anaelewa bila kufundishwa. Dawa zilizozaliwa na wazo hilo, kama ioheksoli, zina ukali mara mbili au tatu tu ya damu, na iodiksanoli imelingana nayo kabisa. Ndizo zinazotumika leo. Isitoshe, ioheksoli hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, madaktari wa figo huitumia kupimia kasi halisi ya figo kuchuja, hata kwa wagonjwa wa figo wenyewe.

Kuna kosa la pili lililokuza hofu, na hili ni la watafiti. Kwa miaka mingi walimpima mgonjwa kreatinini kabla ya CT na baada yake, ikipanda wakasema dawa imefanya. Hawakuwa na kundi la kulinganisha. Mgonjwa aliyelazwa, ana homa, presha inashuka, anachomwa antibiotiki kali, kreatinini yake inapanda na kushuka hata asipokaribia mashine. Walipokuja kulinganishwa na wagonjwa waliofanyiwa CT bila dawa, tofauti kubwa iliyodhaniwa ikayeyuka, hasa kwa wenye eGFR ya 45 na zaidi. Mwaka 2020 Chuo cha Radiolojia cha Marekani na Taasisi ya Taifa ya Figo ya nchi hiyo walitoa tamko la pamoja: hatari ilikuwa imetiwa chumvi. Kwa walio chini ya 30 hawakusema haipo. Walisema inawezekana, na ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Ikitokea, huonekana hivi: kreatinini hupanda ndani ya siku mbili, hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, na kwa wengi hurudi ilikokuwa ndani ya wiki moja au siku kumi. Kufikia kusafishwa damu kwa sababu ya dawa hii peke yake ni nadra. Hapa nazungumzia dawa inayochomwa mshipa wa mkono. Kipimo cha mishipa ya moyo, ambapo mrija unapita kwenye mshipa mkuu na dawa inaweza kufika figo ikiwa bado nzito, ni habari nyingine. Hatari yake hupimwa kivyake.

Kinga iliyobaki na heshima ni moja: dripu ya maji ya chumvi kabla na baada, kwa walio chini ya 30 au wenye figo zilizoumia ghafla, ilimradi moyo unaweza kuyabeba hayo maji. Mwenye miguu iliyovimba na pumzi fupi asitundikiwe chupa kwa mazoea. Vidonge vya asetilisisteini na dripu ya bikaboneti, vilivyoandikwa kwa miaka, vilijaribiwa kwa karibu wagonjwa 5,000 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na havikuongeza chochote juu ya maji ya chumvi ya kawaida. Ukiandikiwa hivyo ukanunue duka la dawa la nje, una haki ya kuuliza vya nini.

Metfomini ya kisukari husimamishwa kwa saa 48 kama eGFR iko chini ya 30 au figo zimeumia, kisha kreatinini hurudiwa. Yenyewe haiharibu figo; shida ni kwamba figo zikisita inajazana mwilini. Lakini kinachoniudhi zaidi ni diklofenaki. Mtu anaogopa sindano moja ya CT huku anameza diklofenaki ya mgongo kila usiku mwaka wa pili. Hizo, na ibuprofeni, ndizo za kuacha kwanza.

Na maji. Watu wengi hufika hapa wakiwa hawajagusa hata tone tangu jana saa mbili usiku, kwa sababu waliambiwa "usile", wakazidisha wao wenyewe. Figo dhaifu kisha zikaushwe! Kwa CT ya kawaida ya dawa, maji ya kunywa hayana ubaya kwa asiyewekewa kiwango cha maji na daktari wake.

Kwa ndugu zangu wa pwani: kuvimba midomo ukila kamba au pweza hakukuzuii kuchomwa dawa hii zaidi ya mtu mwingine yeyote mwenye mzio. Mzio wa kamba unatokana na protini ya misuli yake, haina uhusiano na madini joto. Kama dawa yenyewe ya CT iliwahi kukutoa vipele au kukubana kifua, hiyo sema kwa sauti.

MRI: uliza jina la dawa

MRI haina mionzi, na hapo ndipo sifa yake ilipozaliwa. Ila mionzi haina ugomvi na figo. Kinachopaswa kumshughulisha mgonjwa wa figo ni dawa, na dawa ya MRI ni madini mengine, gadolini. Ni kidogo, kwa mtu wa kilo 70 mililita 7 au 14 kulingana na aina. Gadolini tupu ni sumu, kwa hiyo viwandani hufungwa ndani ya molekuli nyingine inayoibeba hadi itoke na mkojo. Kila kitu kinategemea inavyofungwa.

Aina moja huifunga kama mtu aliyejifunika shuka: imezungukwa, lakini ncha ziko wazi. Aina ya pili huifungia ndani ya pete iliyokamilika, kama kuku kwenye tenga lililofungwa mlango. Mtu mwenye figo nzima hutoa nusu ya dawa ndani ya saa mbili hivi, na shuka halina muda wa kufunuka. Kwa figo zilizochoka sana, nusu hiyo huchukua zaidi ya saa 30. Muda huo shuka linateleza.

Matokeo yake yalionekana kwanza California mwaka 1997, kwa wagonjwa wa kusafishwa damu. Ngozi ya miguu na mikono ilianza kunenepa na kukaza, ikawa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Magoti na vidole vikagoma kukunjwa, wengine wakaishia kwenye kiti cha magurudumu. Ugonjwa ulielezwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2000, na ukaja kuitwa kwa kifupi NSF. Hakuna aliyejua chanzo hadi 2006, madaktari wa Austria na Denmark walipokumbuka kwamba wagonjwa hao walikuwa wamechomwa gadolini. Cha kusikitisha ni kwamba miaka hiyo MRI ndiyo iliyokuwa ikipendekezwa kwa wagonjwa wa figo, ili waepushwe na dawa ya CT, na mara nyingi kwa dozi maradufu. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Kilichofuata ni habari njema, na ndicho wengi hawajakisikia. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwenye dawa hizo, na mwaka 2010 ikazuia tatu, Omniscan, Magnevist na Optimark, kwa wenye figo zilizodhoofika sana. Ulaya zilisimamishwa mwaka 2017 kwa matumizi ya kuchoma mshipani. NSF ikakaribia kutoweka. Za pete, kama Dotarem, Gadovist na ProHance, zimefuatiliwa vizuri: uchambuzi mmoja wa mwaka 2020 ulikusanya wagonjwa 4,931 wenye eGFR chini ya 30 waliochomwa dawa za kundi linalohesabiwa salama, za pete zikiwemo, na hakupatikana hata mmoja aliyeugua NSF.

Kwa hiyo usiulize tu kama MRI ni salama. Uliza: "Mnatumia dawa gani?" Kichupa ni kidogo, jina liko kwenye lebo, na mtaalamu hapaswi kukasirika kukusomea. Akikutajia mojawapo ya zile tatu zilizozuiwa nawe uko chini ya 30, shuka mezani.

Jambo moja limebaki linazungumzwa: mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kuwa gadolini kidogo hubaki kwenye ubongo baada ya kuchomwa mara nyingi, hata kwa wenye figo nzima; baadaye ikaonekana ni zaidi kwa zile za shuka. Ugonjwa uliotokana na mabaki hayo ya ubongoni haujaonyeshwa. Bado ni sababu nzuri ya kutorudia kipimo kwa sababu tu majibu ya kwanza yalisahauliwa kwenye daladala.

Na kumbuka MRI nyingi hazihitaji dawa kabisa. Kiharusi kipya huonekana bila dawa. Njia za nyongo, pingili za mgongo, goti, vyote bila dawa.

Bila dawa yoyote

Hapa sina mengi. Ultrasaundi ndiyo ianze kwa karibu kila swali linalohusu figo zenyewe: ukubwa wake, kama mkojo umezibwa njiani, damu inapitaje. Mawe ya figo yanataka CT tupu, dawa ingeyaficha. Damu iliyovuja kichwani, CT tupu pia. Kuna ultrasaundi ya viputo vya gesi vinavyochomwa mshipani, ambavyo hutoka kwa pumzi bila kuzisumbua figo, nzuri kwa uvimbe wa ini. Ugumu ni kupata pa kuifanyia. Na mishipa ya miguu au fistula (mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafishia damu) inaweza kupigwa picha kwa gesi ya kaboni dioksidi badala ya iodini, ila kamwe si karibu na moyo wala ubongo.

Kosa la kundi hili ni kufanya CT tupu mahali ambapo dawa ndiyo yenye jibu, kisha ripoti ikaja na maneno "haikuonekana vizuri, shauri CT yenye dawa". Umelipa, umepigwa mionzi, na uko ulipoanzia.

Anayesafishwa damu

Kama hukojoi tena, dawa ya CT haina figo ya kuharibu. Chomwa, na hakuna haja ya kukimbizwa kwenye mashine usiku uleule. Subiri zamu yako. Kama bado unakojoa hata kikombe kimoja kwa siku, kilinde kikombe hicho kama yai, hasa ukiwa unasafishwa kwa njia ya tumbo. Mkojo huo unakupunguzia maji na taka ambazo mashine ingehangaika nazo, kwa hiyo dawa itumike tu pale jibu lake litakapobadilisha tiba.

Gadolini ni kinyume chake. MRI ipangwe asubuhi ya siku ya zamu, utoke pale uende moja kwa moja kusafishwa. Zamu tatu huondoa karibu yote.

Mkono wenye fistula haugusiwi sindano. Na hata asiyeanza kusafishwa, kama eGFR inashuka mwaka hadi mwaka, aombe kanula iwekwe nyuma ya kiganja, aiache mishipa ya kiwiko na kigasha. Ile mishipa ataihitaji.

Swali la daktari ndilo linaloamua

Damu iliyoganda kwenye mapafu: CT ya dawa, leo, hata kama eGFR ni 25. Ajali, usaha tumboni, utumbo uliojisokota: CT ya dawa, bila mjadala mrefu. Uvimbe wa ini usioeleweka, mwenye eGFR ya 25 na muda wa kusubiri: MRI yenye dawa ya pete ni bora. Uvimbe wa figo: ultrasaundi kwanza, kisha mojawapo ya hizo mbili. Mwenye betri ya moyo ya zamani au anayepagawa kwenye nafasi finyu, MRI imeshajitoa yenyewe.

Daktari wetu wa mionzi alitazama 165, akatazama 168, akauliza kama mzee anakojoa vizuri, akaandika "endelea". Binti akaomba jina la dawa. Nilimsogezea chupa akainakili nyuma ya bahasha ya kaki, herufi kubwa, na tarehe. Mzee alipotoka kwenye meza alisema kweli alidhani amejikojolea.

Kidoletumbo kilikuwa kimepasuka siku nyingi, na usaha umejikusanya pembeni yake ukubwa wa chungwa. Ulitolewa kwa mrija jioni ile. Kreatinini ya siku ya tatu ilikuwa 161.